UZI: Stesheni ya Kireka, historia yake na huduma zake. Tuiandike sisi tunaoipanda

MtotoWaNsambya

Habari za jioni ndugu zangu. Juzi binti yangu wa darasa la sita aliniuliza kwa nini treni inasimama Kireka lakini haisimami Banda, mtaa wa jirani. Sikuwa na jibu. Mimi niliyezaliwa kwenye kota za reli pale Nsambya, baba yangu akala mkate wa reli mpaka nguvu zikamwishia, nimeshindwa na swali la mtoto kuhusu stesheni ninayoitumia kila siku ya kazi. Imeniuma. Nimeona niweke hapa ninachokijua, na wenye kujua zaidi wanirekebishe.

Kwa wasiotoka huku: Kireka iko mashariki ya Kampala, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara ya Jinja, ndani ya Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Ukija kuitafuta stesheni usitegemee jengo kubwa kama lile la Kampala mjini. Ni mahali pa kusimama: reli, kokoto, watu waliojipanga, wauza chai, bodaboda upande wa pili. Treni ikija inajaza na kuondoka, na baada ya dakika chache mpita njia hatajua kwamba mamia ya watu walikuwa wamesimama pale. Lakini kwetu sisi ni stesheni kamili, na ina historia.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, pale Kisumu, mwaka 1901. Ikaishia hapo miaka mingi. Njia ya nchi kavu ilikuja kuvuka Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Ilijengwa kwa ajili ya mizigo: pamba na kahawa kushuka pwani, bidhaa za ng'ambo kupanda. Baadaye ikasogezwa magharibi hadi Kasese, 1956, kufuata shaba ya Kilembe. Ukitazama inavyokwenda kati ya Kampala na Mukono utaelewa fikra za walioichora. Inashika mabonde, inapita kando ya vinamasi, inakwepa vilima. Haikutafuta nyumba za watu, maana Kireka ya wakati huo ilikuwa migomba na vichaka.

Kwa hiyo reli haikuifuata Kireka. Kireka ndiyo iliyoifuata reli na barabara, nyumba kwa nyumba, hasa tangu mji ulipofurika kuelekea mashariki. Leo njia iliyochorwa kwa magunia ya kahawa inapita katikati ya watu wengi kuliko wachoraji wake walivyowahi kuwaza. Hilo ndilo ninaloamini na ndilo ninalotaka tulijadili: tumeirithi njia isiyokuwa yetu, na sasa ni yetu. Tuitunze, na tuidai itutumikie.

Huduma yenyewe si ya zamani. Treni za abiria za masafa marefu zilisimamishwa nchini mwaka 1997. Watu wa Kampala wakakaa miaka 18 hivi wakiiona reli bila kuipanda. Desemba 2015 ndipo ilipoanza treni ya watu wa mjini, Kampala hadi Namanve, ikisimama Nakawa, Kireka na Namboole. Asubuhi inaleta watu mjini, jioni inawarudisha. Mimi nilipanda wiki ile ya kwanza. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alishika chuma cha dirisha akasema kwa Kiganda, "Eggaali y'omukka ekomyewo." Gari la moshi limerudi. Injini ilikuwa ya dizeli, lakini jina lile halifi.

Karibuni.

FundiNamanve

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni fundi umeme katika eneo la viwanda la Namanve, naishi Kireka, kwa hiyo naipanda kinyume na wengi. Wakati umati wa asubuhi unaingia mjini, mimi natoka nje ya mji. Mabehewa ya upande wangu yana nafasi, nakaa, nasoma gazeti.

Nataka kuongeza hesabu moja ambayo watu hawaipigi. Taksi zetu zina leseni ya abiria 14. Behewa likibeba watu 84 tu, waliokaa na waliosimama, tayari hizo ni taksi 6 zimetoka barabarani. Mabehewa manne ni taksi 24. Sasa simama pale Kireka saa moja asubuhi utazame foleni ya barabara ya Jinja, halafu uniambie taksi 24 ni kitu kidogo. Na hiyo ni safari moja.

MamaChapati_Kireka

Nashukuru kuona stesheni yetu ikiandikwa. Mimi nauza chai na chapati karibu na reli, mwaka wa saba huu. Najua abiria kwa vikombe vyao. Yupo asiyetaka sukari, yupo anayekunywa amesimama huku masikio yako Namboole, akisikia honi tu anaacha kikombe kwenye kokoto na kukimbia. Jioni ananiletea hela.

Ila niseme na jingine, kwa sababu historia isiandikwe upande mmoja. Mama yangu mkubwa alikuwa na kibanda cha nguo kandokando ya reli. Mwaka 2014 vibanda vyote vilivyokuwa kwenye hifadhi ya reli vilibomolewa, Kampala hadi huku. Tulikuwa tumepewa notisi, sisemi hatukupewa, lakini mtu aliyejenga maisha yake miaka kumi mahali fulani huyahamisha wapi kwa wiki chache? Alirudi kijijini Pallisa. Mwaka uliofuata treni ya abiria ikaanza kupita hapo hapo. Mimi treni imenipa kazi, yeye njia hiyo hiyo ilimwondolea. Yote mawili ni kweli na yote mawili ni ya Kireka.

MtotoWaNsambya

Mama, pole kwa mama mkubwa. Umesema jambo ambalo mimi nililiacha, na sikupaswa kuliacha. Nimelinukuu kwenye daftari ninalomwandikia binti yangu.

GadiMstaafu

Amani iwe nanyi. Nimetumiwa uzi huu na mjukuu wangu. Nilikuwa gadi wa treni tangu enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nikaendelea na Shirika la Reli la Uganda lilipoundwa 1977, baada ya Jumuiya kuvunjika. Nimestaafu, nipo Tororo.

Mwanangu wa Nsambya, umeandika vizuri, ila nakurekebisha mahali pamoja. Umesema reli ilifika Kampala 1931. Njia ya kutoka Mombasa kwa nchi kavu, ndiyo. Lakini treni ilikuwepo Kampala kabla ya hapo. Njia ndogo ya Port Bell ilifunguliwa 1915, kutoka gatini Luzira hadi Kampala. Mzigo ulifika Kisumu kwa treni, ukavuka ziwa kwa meli, ukashushwa Port Bell na kupakiwa tena kwa treni kupandishwa mjini. Na hata hiyo haikuwa ya kwanza Uganda. Ya kwanza ni ya Busoga, Jinja hadi Namasagali, 1912, iliyokuwa ikipokea pamba ya meli za ziwa Kyoga.

Na kuna jambo watu husahau. Reli ilipofika Kisumu 1901, Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa 1902. Kwa hiyo jina la Reli ya Uganda halikuwa la uongo siku ile ilipofika.

Sasa swali la mtoto, kwa nini Kireka na si Banda. Sikuwepo walipopanga vituo vya 2015, nitamjibu kwa kazi niliyoifanya. Treni si bodaboda. Injini na mabehewa yake ni mamia ya tani, kuisimamisha ni kazi na kuiondoa ni kazi kubwa zaidi. Ukiweka vituo karibukaribu, treni nzima inageuka kuwa ya kufunga breki na kuachia breki, muda wote unaishia hapo. Kwa hiyo unachagua. Unataka mahali pasipo na kona kali, ili dereva na gadi waone mabehewa yote na watu wote. Unataka pasipo na mteremko mkubwa. Na unataka njia ya miguu ya kuwafikisha watu barabarani upesi. Chini ya Banda, kule Kinawataka, ni kinamasi. Kireka barabara kuu iko karibu, na ipo ile njia ya kupanda Kyaliwajjala na Naalya. Mpe mtoto jibu hilo, umwambie ni la babu wa Tororo.

MtotoWaNsambya

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Nimekubali kosa langu la 1915, na nimeona haya kidogo, kwa sababu baba yangu alikuwa akitutajia Port Bell kila mara. Alikuwa mfanyakazi wa gengi, wale wa kukaza nati na kusawazisha mataruma, vile vipande vya kulalia reli. Binti yangu amefurahi sana, ameuliza gadi ni nani. Mzee, tafadhali tueleze kazi yenyewe.

GadiMstaafu

Marahaba mwanangu. Baba yako akiwa gengi basi sisi wengine tuliishi kwa sababu yake. Gadi anapanda treni akiamini kwamba kuna mtu alipita asubuhi kwa miguu na spana begani, akatazama kila kiungo.

Dereva anaendesha injini. Gadi ndiye mwenye treni. Yeye hukaa nyuma, ndiye anayejua kuna mabehewa mangapi, yana nini, breki zake zinashika ama hazishiki. Mchana ana bendera ya kijani na nyekundu, usiku ana taa. Dereva haondoki mpaka gadi ampe ishara, na gadi hatoi ishara mpaka stesheni masta aseme njia ni safi. Stesheni masta naye haruhusu treni mpaka ile stesheni ya mbele imkubalie. Njia yetu ni moja, watoto wangu. Si mbili kama barabara. Treni mbili zikikutana katikati hakuna wa kupisha.

Lugha ya kazi yote hiyo ilikuwa Kiswahili. Dereva Mjaluo, gadi Mteso kama mimi, karani Mganda, gengi Wasamia na Walugbara, fundi Mgoa. Mtu angeweza kutoka Pakwach mpaka Mombasa akiongea lugha moja tu ya reli. Leo nasikia serikali imekipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, tangu 2022. Nafurahi. Sisi tulikifundishwa na mataruma.

Halafu yakaja ya kuumiza. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi Wakenya. Wengi wao walikuwa watu wa reli. Asubuhi moja nusu ya majina niliyoyajua hayakuitika. Mwaka 1972, enzi ya Amin, Wahindi walipopewa siku 90 waondoke, wengi walipanda treni pale Kampala kwenda Mombasa. Nilifanya kazi kwenye mojawapo. Sitaeleza niliyoyaona njiani. Niseme tu kwamba kule nyuma kwenye behewa la gadi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi aliyeshika bendera yangu ya kijani mpaka akalala nayo.

MamaChapati_Kireka

Mzee, pole. Mungu akuweke.

Mjukuu_wa_Bombo

Nami ni Mnubi, babu yangu wa upande wa mama alipakia pamba stesheni ya Kampala. Maneno ya mzee kuhusu Kiswahili ni ya kweli kabisa. Kwetu nyumbani, mzee akitaka kumsifu mtu aliyesema Kiswahili kilichonyooka alisema, "Huyo ni wa reli."

Nina swali. Ikiwa njia ni moja, ndiyo sababu treni ya Kireka ni asubuhi na jioni tu? Mimi natamani ipite kila nusu saa.

GadiMstaafu

Ndiyo, ni sababu mojawapo. Treni iliyotoka Kampala lazima ifike, igeuzwe ama injini ihamishwe upande wa pili, irudi, ndipo nyingine itoke. Ili zipishane unahitaji njia ya pembeni mahali pa katikati, ndefu ya kumeza treni nzima. Na reli hiyo hiyo ndiyo inayobeba mizigo ya kutoka Malaba na makontena ya Mukono. Mzigo nao una ratiba yake. Ukitaka kila nusu saa, jenga kwanza njia za kupishania, uweke na ishara za kisasa. Injini peke yake haitoshi.

Na upana. Reli yetu ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ni nyembamba, na kona zake zilipindwa kwa ajili ya treni za mwendo wa pole. Usiilaumu kwa kutokimbia.

DerevaWaSteji

Nimesoma yote kwa heshima, mzee, na sitaki nionekane mpinzani. Mimi ni dereva wa taksi, njia ya Kampala kwenda Bweyogerere, mwaka wa 14. Mnaandika treni, treni. Lakini mama mjamzito akitaka kwenda hospitali saa sita mchana, treni iko wapi? Mwanafunzi anayetoka darasani saa nane? Mvua ikinyesha usiku? Treni inachukua zile saa mbili zenye abiria wengi, sisi tunaachiwa mchana mtupu, na mafuta hayashuki bei. Treni ilipoanza, asubuhi zangu zilipungua. Nina watoto wanne.

Sisemi iondolewe. Nasema hesabu za taksi 24 kutoka barabarani ni hesabu za watu. Ndani ya kila taksi kuna dereva na kondakta.

FundiNamanve

Kaka, umesema vizuri na mimi ndiye niliyeandika hesabu hiyo, kwa hiyo nijibu. Sikuwafikiria. Nilifikiria magari.

Lakini nikuulize: je, ile asubuhi unayoipigania ina faida gani ukikaa foleni saa moja na nusu kutoka Kireka hadi mjini? Dereva rafiki yangu ananiambia siku ya foleni mbaya anafanya safari mbili tu, na mafuta yanachomeka gari likiwa limesimama. Kama treni ingepunguza msongamano, si ungeongeza safari ya tatu? Halafu watu wanaoshuka Kireka jioni wengi hawaishi Kireka. Wanakwenda Kyaliwajjala, Naalya, Namugongo, Kirinya. Wanahitaji taksi na boda kutoka stesheni. Njia fupi za hapo hazina foleni ya barabara kuu.

DerevaWaSteji

Hilo la njia fupi ni kweli. Wapo wenzangu waliohamia steji ya Kireka kwenda Kyaliwajjala kwa sababu hiyo, na jioni treni ikifika wanajaza mara moja. Ila hakuna mahali palipotengwa pa sisi kusimama karibu na stesheni. Tunasimama barabarani na kuzidisha ile foleni tunayoilalamikia. Wakipanga stesheni wapange na steji. Hilo nitaliunga mkono kwa mikono miwili.

MtotoWaNsambya

Kaka, hilo ndilo jambo nililotaka mtu aliseme. Stesheni si reli peke yake. Ni namna unavyofika pale na namna unavyoondoka. Kireka ina bahati ambayo Nakawa na Namanve hazina: iko kwenye mlango wa Namugongo. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji hushuka Kireka na kupanda kwa miguu kupitia Kyaliwajjala. Nimewaona watu waliotembea kutoka Kenya wakipumzika kwenye kokoto za reli, miguu imevimba, wakiimba. Nakubali ni siku moja ya mwaka. Lakini stesheni yenye choo, kivuli na maji ingewafaa siku ile, na ingetufaa sisi siku zile nyingine 364.

MwanachuoKyambogo

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mimi ni mgeni wa njia hii, nimeanza chuo mwaka jana. Nimesikia treni iliwahi kusimama kabisa, tena zaidi ya mara moja. Ilikuwaje?

MtotoWaNsambya

Karibu dada. Nitakueleza kwa kifupi maana sehemu hii huwa inanichosha moyo.

Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Treni ya mjini ilianza 2015 chini ya mkataba huo, kwa kushirikiana na mamlaka ya jiji. Mkataba haukufika mwisho wake. Ulivunjwa, huduma ikasimama, na mapema 2018 Shirika la Reli la Uganda likachukua tena usukani na treni ikarudi. Mwaka 2020 korona ikasimamisha usafiri wote wa umma. Kisha katikati ya 2023 njia ikafungwa ili ikarabatiwe kutoka Kampala hadi Mukono, kilomita 28, na 2024 tukaanza kupanda tena.

Kila iliposimama, watu walirudi kwenye taksi na wengine hawakurejea treni ilipofunguliwa. Mtu akipanga maisha yake kwa treni, akachagua nyumba kwa sababu ya treni, halafu asubuhi moja haipo, utamlaumu akiisahau? Mimi nilihamia Kireka 2016 kwa sababu ya treni. Ile miezi ya 2023 nilikuwa nikitoka nyumbani kabla watoto hawajaamka na kurudi wamelala. Ndiyo maana nasema huduma ya treni haipimwi kwa mwendo wake. Inapimwa kwa kuwepo kwake kesho.

GadiMstaafu

Ukarabati ule ulikuwa wa lazima. Nilipita kutazama nilipokuja Kampala kwa matibabu. Mataruma ya zege yamewekwa palipokuwa na yale ya chuma. Yale ya chuma tuliyapenda, lakini karibu na kinamasi kutu huyala, na watu wabaya walikuwa wakiyang'oa kuuza vyuma chakavu. Zege halinunuliwi na mchoma vyuma. Tena ni zito, linaishika reli isicheze.

Mjukuu_wa_Bombo

Na ile reli mpya ya kisasa? Jirani yangu anasema ikija, hii yetu itang'olewa na Kireka itakuwa historia kweli.

FundiNamanve

Hapana, tusitishane. Mkataba wa reli ya kisasa ulisainiwa Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, kwa njia ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272 hivi, upana wa milimita 1,435. Hiyo ni ya mizigo mizito na safari ndefu. Serikali wakati huo huo inaendelea kuikarabati reli ya zamani. Njia ya Tororo hadi Gulu iko kwenye kazi hiyo. Mimi naona hivi: siku mizigo mikubwa itakapohamia njia mpya, hii nyembamba itapumua. Nafasi iliyokuwa ya makontena inaweza kuwa ya abiria. Badala ya kuogopa, sisi wa Kireka tujiandae kuiomba nafasi hiyo kabla haijaombwa na wengine.

MwanachuoKyambogo

Asanteni, nimeelewa. Naomba kuongeza moja. Kaka yangu anatembelea kiti cha magurudumu. Alitaka sana kupanda treni, basi nikampeleka. Sakafu ya behewa iko juu, kokoto ziko chini. Wanaume wanne wasiotujua walimwinua na kiti chake, na walipofika Kampala walewale walimshusha na kumwuliza jina. Alifurahi wiki nzima. Lakini alinong'ona njiani kurudi: "Sitaki kuinuliwa kila siku." Kama Kireka itajengewa jukwaa lililolingana na mlango wa behewa, yeye atakwenda kazini peke yake. Haombi zaidi ya hapo.

MtotoWaNsambya

Dada, hilo naliweka juu kabisa. Nilikuwa nimefikiria kuomba saa ya ukutani na jengo zuri. Jukwaa kwanza.

Naandika barua ya wakazi. Nitaweka jukwaa la urefu wa mabehewa yote, kivuli, choo, mahali pa taksi na boda, mahali halali pa wauzaji kama Mama Chapati ili wasihamishwe tena bila pa kwenda, na tangazo la mapema treni inapobadilika ama kufutwa. Na siku za mechi Namboole treni ya ziada, maana mnajua wenyewe barabara inavyokuwa siku ya timu ya taifa. Mwenye la kuongeza aongeze kabla ya Ijumaa.

DerevaWaSteji

Niandike nami kwenye barua. Weka "dereva wa taksi", wajue si abiria peke yao.

GadiMstaafu

Ongeza mlinzi wa tambuka reli. Njia inakatisha penye watu wengi, na watu wa Kireka hutembea juu ya reli kama njia ya nyumbani, masikioni wameweka vyombo vya muziki. Treni ikikuona haiwezi kukukwepa, na breki ikifungwa bado itakwenda mbali kabla ya kusimama. Nimeokota miili miwili katika maisha yangu ya kazi. Andika hilo mbele ya choo na kivuli.

Nitakuja Kampala mwisho wa mwezi kwa daktari. Ningependa kupanda treni ya asubuhi kutoka Kireka, mara moja tu, nikiwa abiria. Sijawahi kuwa abiria kwenye njia ile. Mwanangu wa Nsambya, mlete mtoto nimwonyeshe ishara za bendera. Bado ninayo ya kijani.

MtotoWaNsambya

Mzee, nitakupokea mwenyewe, na utalala kwangu. Binti ameanza kuhesabu siku.

MamaChapati_Kireka

Mimi nawasha jiko saa kumi na moja. Mzee akija asitoe hela. Anakunywa na sukari au bila?

GadiMstaafu

Vijiko viwili, mama. Na tangawizi kama ipo.